Mateka wa Bi Tatu

Siku tulipohamia nyumba ya Chemchem walikuwepo hawa: mimi Nyamizi; wadogo zangu mapacha, Kulwa na Doto; Shija, wa mwisho wetu, aliyekuwa bado anavaa kaptula iliyofungwa kwa kamba; baba mdogo Masanja, aliyetuleta kwa treni kutoka Bukene; mkewe, mama mdogo Kabula; mzee Saidi, mjumbe wa nyumba kumi, aliyekuwa ametunza ufunguo; na Bi Tatu, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye hakualikwa na mtu. Hakuwepo mwingine. Nawataja wote kwa sababu wiki iliyopita tumemzika Bi Tatu, na pale msibani nimesikia watu wakiisimulia siku ile kama waliiona kwa macho, na wawili kati yao nina hakika walikuwa hawajafika Tabora. Mmoja alisema Bi Tatu alitukuta tunalia barabarani. Hatukulia. Tulikuwa na kinyaa, na mtu mwenye kinyaa halii, anabana pumzi.

Nyumba ilikuwa ya mjomba wake mama, mzee ambaye alikuwa amehamia Kigoma kwa binti yake na kuifunga kwa kufuli kubwa. Baada ya msiba wetu wa pili, wa mama baada ya baba, alituma salamu kwamba tukae humo mpaka yeye mwenyewe atakapoihitaji, na kwamba hakuna wa kutuondoa. Hakusema kwamba tangu aifunge ilikuwa imepata wapangaji wengine. Mzee Saidi alipofungua mlango harufu ilitoka kwanza, kama vile ilikuwa imesimama nyuma ya mlango ikisubiri. Ilikuwa harufu ya mkojo wa popo. Asiyeijua siwezi kumweleza vizuri. Inachoma pua kama kitunguu na inakaa kooni kama mafuta yaliyoganda. Dari ya mbao ilikuwa imelegea katikati kwa uzito wa kinyesi chao, na kuta zilikuwa na michirizi ya kahawia kuanzia juu mpaka chini, mingine bado mibichi. Sakafuni kulikuwa na mende waliokufa na mende wazima, na wazima hawakujisumbua kukimbia. Huko uani choo cha shimo kilikuwa kimejaa mpaka karibu na mdomo. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, na funza weupe walikuwa wakipanda juu ya sakafu yake wakitembea kwa foleni, wamenona. Doto alichungulia, akarudi, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, mimi sitakwenda haja tena." Nilimwambia sawa. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nimeacha shule kidato cha pili.

Nilipika uani, chini ya kipande cha bati. Ugali, na mlenda niliokuja nao umekaushwa kutoka nyumbani. Nakumbuka jinsi nilivyojitahidi: nilisugua sahani kwa majivu mara mbili, nikampelekea baba mdogo maji ya kunawa nikiwa nimepiga goti, nikatandika mkeka sehemu pekee ambayo upepo ulikuwa unafukuza ile harufu. Mama mdogo Kabula akafungua kikapu chake. Akatoa sahani mbili za kwake, vikombe viwili vya kwake na kijiko, akaviweka mbele ya mumewe. Aliupakua ugali kutoka kwenye sufuria kwa kijiko chake, akichukua katikati tu, pale ambapo mwiko wangu haukuwa umegusa sana. Wakala wao wawili pembeni ya mkeka, na sisi wanne tukala sinia moja. Mzee Saidi alikuwa na kikombe cha chai ya rangi mkononi. Aliangalia sahani zile, akaangalia chini.

Nilikuwa nimeshasikia sababu. Muda mfupi kabla ya hapo, nilipokuwa nachochea moto, wao walikuwa wamesimama upande wa pili wa ukuta wa jiko, ukuta wa tofali mbichi uliokuwa na tundu. Mama mdogo alikuwa anasema, "Nimekwambia tangu Bukene. Hujui nani kati yao anao. Yule mdogo ana ukurutu kichwani, umeuona?" Baba mdogo akajibu kwamba ukurutu ni ukurutu tu. "Haya," akasema mama mdogo, "wewe kula na vyombo vyao, mimi sitaki kuuguza mtu." Kisha baba mdogo akasema lile ambalo mpaka leo nikila mlenda nalisikia: "Wale mapacha wana nguvu. Tumbaku ikikomaa nitawahitaji wote wawili. Huyu mdogo tutampeleka kwa dada yako Igunga, achunge. Nyamizi ataolewa. Waache kwanza wakae humu, nyumba hii itawachosha yenyewe." Alicheka kidogo. Nilielewa kwa nini alikubali kwa urahisi kutuleta mjini. Alikuwa ametuleta tuoze kidogo, kisha aje atuokote.

Nimefikiria sana kuhusu kinyaa tangu wakati ule. Kilikuwa kinatiririka pande zote katika ua ule. Sisi tulikuwa tunawaonea kinyaa popo, wao walikuwa wanatuonea kinyaa sisi, na mimi nilikuwa nimekaa na tonge mkononi nikimwonea kinyaa baba mdogo wangu mwenyewe, jinsi ute wa mlenda ulivyokuwa unang'aa kwenye sharubu zake, jinsi alivyokuwa anakula chakula changu kwa sahani ya mkewe. Sikuwahi kujua kwamba unaweza kumwonea kinyaa mtu ambaye damu yenu ni moja. Kinyaa kile kilinisaidia. Huruma ingenilegeza.

Hapo ndipo Bi Tatu alipoingia. Hakubisha hodi. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, khanga moja kiunoni na nyingine imefungwa puani kama mtu anayepita jalalani, na mumewe marehemu alikuwa amefanya kazi reli ndiyo maana Mzaramo yule akajikuta Tabora. Alisimama katikati ya ua akatutazama mmoja mmoja.

"Mwangaluka," akasema kwa sauti ya puani, akiigiza sisi tunavyosalimiana. "Nilijiuliza, harufu hii ni ya popo au ya Wanyamwezi? Naona ni vyote."

Baba mdogo akatabasamu. Alikuwa amemtambua kwa lafudhi. "Karibu, mtani. Nyie Wazaramo mmetufuata mpaka huku?"

"Nimefuata mizigo yangu. Babu yako aliibeba kutoka huku mpaka pwani, akaila njiani."

"Na babu yako alikuwa amelala chini ya mnazi, akisubiri tufike atuuzie maji."

Walicheka wote wawili, na mzee Saidi akacheka, na hata mama mdogo akaonyesha meno. Sisi tuliotoka vijijini tulikuwa tunajua utani, ila tulikuwa hatujamwona Mzaramo wa kututania. Kwa asiyejua: Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara ya pembe, wazee wetu walipokuwa wakishuka na mizigo kichwani kwenda pwani na kupita kwenye nchi yao. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kula chakula chako na kunyakua kitu chako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikitaka kitu chako unakikomboa kwa kile atakachotaja mbele ya watu. Usipokikomboa ni chake, na hakuna mjumbe wala balozi atakayekusikiliza. Kukasirika ndilo kosa kubwa. Mtu anayemkasirikia mtani wake ameshavuliwa nguo, na amejivua mwenyewe.

Bi Tatu alizitazama zile sahani mbili za mama mdogo. Kisha alishusha khanga puani, akaja kwenye mkeka wetu, akajibweteka kati yangu na Shija. Shija alikuwa ameshatafuna tonge lake nusu na kulirudisha kwenye sinia, kwa sababu tone la maji ya kahawia lilikuwa limedondoka kutoka kwenye ukingo wa paa karibu na mkono wake na akaogopa. Bi Tatu alilichukua tonge lile lile. Akalichovya kwenye mlenda, likavutika uzi mrefu, akalitia mdomoni, akameza.

"Mlenda huu," akasema, "umepikwa na mtu anayetaka kuua watu." Akachukua tonge lingine, safari hii kutoka mkononi mwa Shija, akampiga kofi jepesi la kisogoni, pale pale penye ukurutu, akaacha mkono wake hapo. "Na wewe, kichwa kama embe lililooza, jina lako nani?"

"Shija."

"Shija. Basi, Shija, kuanzia leo wewe ni mateka wangu. Na hawa wawili waliofanana. Na huyu dada yenu asiyejua kupika. Nimewateka wote." Aligeuka kwa baba mdogo. "Mzee Saidi shahidi. Ukiwataka, Mnyamwezi, wakomboe kwa mbuzi mmoja."

Baba mdogo alicheka mpaka akajifuta macho. "Mbuzi mzima? Kwa takataka hizi? Kaa nao, mtani! Kaa nao ukome!"

"Umesikia, mjumbe?"

"Nimesikia," alisema mzee Saidi, na yeye peke yake ndiye hakuwa anacheka tena.

Jioni ile kabla ya kurudi stesheni, baba mdogo aliniita pembeni akaniambia maneno ya kweli, bila utani. Angerudi tumbaku ikikomaa. Akikuta yeyote kati ya wadogo zangu anaumwa, au nyumba bado iko kama ilivyo, angewachukua, na ukoo mzima ungemuunga mkono, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayeacha watoto waishi kwenye nyumba ya namna ile na msichana. Nilimwambia, "Sawa, baba mdogo." Mama mdogo alikuwa anaziosha zile sahani zake mbili kwa maji ya moto kabla ya kuzirudisha kikapuni. Aliziosha kwa mchanga, kisha kwa sabuni, kisha kwa mchanga tena.

Ndivyo tulivyoanza kuishi. Watu wakiniuliza leo kuhusu mwaka ule hutegemea niwasimulie njaa. Njaa ilikuwepo, lakini mimi nakumbuka uchafu. Tuliibomoa dari ubao mmoja mmoja, na kila ubao uliposhuka kinyesi kikavu kilimwagika kama mtama kutoka gunia lililochanika, kikiwa kimejaa mende na vitoto vya popo visivyo na manyoya. Tulikipakia kwenye debe tukakimwaga shimoni nyuma ya ua, na usiku tukalala na vumbi lake kwenye nywele. Popo wenyewe hawakuondoka. Walihamia kwenye kona za mabati. Kulwa alileta mabua ya tumbaku kutoka kwenye ghala moja, tukayawasha ndani ya karai tukafunga madirisha. Moshi ulipopanda walianza kuanguka. Waliangukia kitandani, waliangukia kwenye ndoo, mmoja aliangukia kwenye sufuria ya mlenda iliyokuwa imefunikwa vibaya, na alikuwa bado mzima, alijaribu kuogelea. Doto mpaka leo, mwalimu mkuu wa shule, mtu mzima mwenye wajukuu, hali mlenda. Wiki moja baadaye popo walikuwa wamerudi, wachache zaidi. Tukawasha tena. Walirudi tena. Mwaka mzima ulikuwa hivyo, sisi na wao, na siwezi kusema nani alishinda, maana hata sasa ninapoandika, kwenye chumba kile kile, mvua ikinyesha upande wa magharibi ile harufu hunijia kutoka ndani ya kuta.

Choo ndicho kilichotushinda kabisa. Mimi na Kulwa tulianza kuchimba kipya, na kwa sababu hatukujua tulichimba karibu mno na cha zamani. Tulipofika kina cha kiuno ukuta mmoja wa shimo ulilowa, ukawa mweusi, kisha ukaanza kutoka jasho. Kulwa alikuwa ndani. Aliniangalia tu. Nilimvuta kwa mikono, na miguu yake ilikuwa imepakwa mpaka magotini kitu ambacho si matope. Bi Tatu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitutukana kama kawaida yake kila jioni.

"Wanyamwezi," akasema, "Mungu aliwapa shingo za kubebea, akili akasahau. Mnachimba choo ndani ya choo?" Halafu alisimama ghafla, akaenda kwenye ukuta akatapika. Akajifuta mdomo kwa khanga. "Mtoto njoo kwangu uoge. Na nyie wote, mpaka mtakapopata mtu wa kuwachimbia, mtatumia choo changu. Mateka hafi kwa kujizuia haja. Nitamdai nani mbuzi wangu?"

Hilo ndilo jambo nililolijua polepole kuhusu Bi Tatu: alikuwa na kinyaa kuliko sisi wote. Alikuwa anafagia ua wake mara mbili kwa siku. Alikuwa anakanda maandazi ya kuuza stesheni, na hakuna nzi aliyeruhusiwa kuishi karibu na beseni lake. Nilimwona akitapika si mara moja mwaka ule, nyumbani kwetu, na kila mara alijifuta mdomo akaendelea. Alimkwangua Shija ukurutu kwa maganda ya limau na sabuni ya kufulia mpaka mtoto akapiga kelele za kuita watu. Alimwita majina ambayo siwezi kuyaandika. Asubuhi Shija alikuwa anapanda kwenye tofali lililovunjika, anachungulia juu ya ukuta, anapiga kelele, "Shikamoo, Mzaramo mvivu!" na kutoka upande wa pili sauti inajibu, "Marahaba, kichwa cha embe. Njoo ule." Na huko alikula, na Bi Tatu alimalizia alichokiacha.

Tumbaku ilikomaa. Baba mdogo alikuja siku ya Jumamosi, wakati watu wa mtaa wako nyumbani, na safari hii alikuja na mbuzi. Nadhani mkewe ndiye aliyemkumbusha ule utani. Hakutaka kuzuiwa mlangoni kwa ajili yake. Lakini alikuwa ametafuta mbuzi wa bei ya kutupa. Alikuwa mbuzi mwenye manyoya yaliyonyonyoka mgongoni, macho yana tongotongo, na nyuma yote, kuanzia mkia mpaka visigino, imeganda mharo wa kijani. Alimfunga kwenye nguzo ya mlango wetu, na mbuzi akaharisha hapo hapo kwenye kizingiti ambacho nilikuwa nimekipaka chokaa. Baba mdogo hakutazama. Alipita ndani, akatazama juu kwenye mabati, akavuta pumzi kwa pua.

"Popo bado wapo," alisema. "Choo hakuna. Nimeuliza. Nyamizi, funga nguo za wadogo zako. Mapacha na huyu mdogo. Treni ni ya leo."

Nilisema hapana. Nilisema kwa adabu, nikiwa nimeshika mlango. Nilisema nyumba imebadilika, wanaoumwa hakuna, wanakwenda shule. Alisema hajaja kujadiliana na mtoto. Doto alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika gauni langu. Nilijua kwamba kama angenisukuma ningeanguka, na kama ningeanguka wangekwenda.

Ndipo Bi Tatu akatokea, na nyuma yake mzee Saidi, na nyuma yao majirani, wanawake wenye watoto mgongoni na vijana waliokuwa wakicheza bao, maana habari ya mbuzi ilikuwa imeshatangulia. Bi Tatu alimzunguka mbuzi. Akamwinua mkia kwa vidole viwili, akauachia, akajifuta vidole kwenye ukuta.

"Mtani wangu," akasema, "huyu mbuzi umemtoa wapi? Au ndiye aliyebaki na babu yako njiani?"

Watu walicheka. Baba mdogo naye akacheka, ila kwa mdomo tu. "Ulisema mbuzi mmoja. Hukusema awe na sura gani. Nimewakomboa. Mjumbe shahidi."

Nilimtazama mzee Saidi. Alikuwa anakuna kidevu. Ilikuwa kweli, Bi Tatu hakusema awe na sura gani. Niliona jinsi Bi Tatu alivyotulia, na nikaogopa kwa mara ya kwanza tangu tuhamie, kuogopa kwenyewe, kwa sababu nilidhani ameshindwa.

"Haya," akasema. "Nimempokea. Mimi si mtu wa kukataa ahadi. Nyamizi, umepika?"

"Nimepika, Bi Tatu."

"Lete sinia moja. Mateka wakikombolewa wanakula na aliyewakomboa, mkono kwa mkono, mbele ya aliyewateka, ndipo wanaondoka. Hatuwezi kumpa mtu watoto kama tunampa kuni. Au kwenu Unyamwezini mnafanyaje?"

Mzee mmoja pale akasema ndivyo ilivyo. Mpaka leo sijui kama ndivyo ilivyo, au kama Bi Tatu aliitunga desturi ile akiwa amesimama pale. Nilileta sinia. Ugali, na mboga ya majani ya kunde. Nikaliweka kwenye mkeka, kwenye jua. Kulwa akanawa akakaa. Doto akakaa. Shija, ambaye siku ile alikuwa na kidonda pembeni ya mdomo, kidonda kidogo cha homa kama kila mtoto apatavyo, alikaa wa mwisho, akachota tonge kubwa, akalilamba, akalirudisha ukingoni mwa sinia kama alivyozoea, akisubiri Bi Tatu alinyakue. Bi Tatu hakulinyakua. Alimtazama baba mdogo.

"Karibu, mtani. Kula na wanao."

Baba mdogo alisogea. Alichuchumaa. Alinawa. Niliona mkono wake ukienda kwenye sinia na kusimama. Macho yake yalikuwa kwenye kidonda cha Shija, kisha kwenye tonge lililolambwa, kisha kwenye kidonda. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Nzi walikuwa wakitoka kwa mbuzi wakija kwenye chakula, na hakuna aliyewafukuza.

"Mimi nimeshiba," alisema.

"Tonge moja tu," alisema Bi Tatu kwa upole.

"Nimesema nimeshiba!"

"Mwenzio nimekula hapa miezi yote hii. Tizama nilivyonenepa."

Hapo akapasuka. Alisimama, akalipiga teke sinia, ugali ukaruka ukaangukia kwenye ule mharo wa kizingitini. "We mwanamke mchafu usiye na haya!" alifoka. "Unataka kuniua? Baba yao kafa, mama yao kafa, unajua walikufa kwa nini! Mimi nile na hawa? Mimi?"

Hakuna aliyecheka. Alikuwa amemkasirikia mtani wake mbele ya mtaa mzima, na kibaya zaidi alikuwa amesema ukweli wake. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akasema taratibu, "Yarabi." Mzee Saidi alikuja mbele, akamwangalia baba mdogo kama vile ndiyo kwanza amemwona.

"Ndugu Masanja," akasema, "kama huwezi kula nao sinia moja, utalala nao vipi nyumba moja? Au utawalaza kwenye bani la kukaushia tumbaku?"

Baba mdogo hakujibu, na kutojibu kwake kulitosha, kwa sababu kila mtu pale alielewa kwamba ndiko angewalaza. Alitazama huku na huku. Halafu alifanya jambo ambalo limeniletea kichefuchefu kuliko popo wote wa nyumba hii: alikwenda kwenye nguzo, akamfungua mbuzi wake, akaondoka naye. Aliona bora arudi na yule mbuzi. Tulisikia kwato zake mpaka kwenye kona.

"Hajakomboa," alisema mzee Saidi kwa sauti ya kikazi. "Watoto wanabaki kwa aliyewateka." Kisha akakaa chini kwenye mkeka, akaokota tonge la Shija lililokuwa limenata ukingoni mwa sinia, akalila. Mimi niliosha kizingiti. Niliosha mpaka giza likaingia.

Wazee wa ukoo hawakututafuta tena. Vijana wa mtaa walitusaidia kuchimba choo mahali panapofaa. Nikaanza kuchemsha na kukausha viazi vitamu, matobolwa, nikawa nauza stesheni karibu na beseni la maandazi la Bi Tatu, na nimewasomesha wote watatu kwa viazi hivyo, na nyumba hii nimeinunua kwa warithi wa mzee wa Kigoma kwa viazi hivyo hivyo. Mara ya kwanza nilipoweza, nilinunua mbuzi jike, safi, mwenye manyoya yanayong'aa, nikampeleka kwa Bi Tatu. Alimtazama meno. "Huyu si yule," akasema. "Mrudishe. Ukijikomboa leo, kesho nitamtukana nani?" Nilijaribu tena miaka mingine. Kila mara kulikuwa na kasoro: pembe fupi, macho ya kihuni, anafanana na mjumbe. Siku moja, akiwa ameshazeeka, anakanda miguu yake kwa mafuta ya nyonyo, nilimuuliza kama siku ile ya kwanza, alipokula tonge la Shija, hakuogopa. "Niliogopa," alisema. "Nilikwenda nyumbani nikasukutua kwa chumvi na limau mpaka fizi zikatoka damu. Usiku sikulala. Lakini mlikuwa mnaniangalia, na zile sahani za yule mwanamke zilikuwa zimenitia kinyaa zaidi."

Wiki iliyopita nilifanya kazi ya mtani msibani kwake. Nilikoka moto, nikafua khanga za waliomwosha, nikasafisha choo chake kwa mikono yangu. Jeneza lilipotoka nilisimama mlangoni nikawazuia wanaume, nikasema Mzaramo huyu haendi popote, bado hajatupikia mlenda, na watu waliokuwa wanalia wakacheka kama inavyotakiwa. Baba mdogo alikuwepo. Yuko mjini kwa matibabu, macho yamefifia, mama mdogo alishafariki. Walipoleta pilau alikaa sinia moja na Shija, ambaye sasa ni bwana mkubwa wa mizigo huko Mwanza na alikuja na gari lake. Baba mdogo alikuwa anamsogezea Shija vipande vya nyama kwa vidole vyake mwenyewe, vidole vilivyolowa mate, akisema, "Kula, mwanangu, kula." Shija alikula. Mimi niliweka sahani yangu chini nikatoka nje. Nimejaribu kusamehe, na kichwani nimesamehe. Tumbo ndilo linakataa.

Siku ya tatu nilimpeleka mbuzi kwa Zuhura, binti yake Bi Tatu. Nilichagua vizuri, hakuna aliyekuwa na la kusema juu yake. Zuhura alimtazama, akajifuta macho, akanikabidhi kamba.

"Mama alituusia," alisema. "Alisema kila kitu cha Nyamizi tupokee, mbuzi tusipokee."

Nimerudi naye. Yuko hapo uani sasa hivi, chini ya ukuta aliokuwa akichungulia Shija, anatafuna maganda ya viazi. Nimemfungia kamba ndefu. Si mbuzi wangu.